Sindano ya Kumpima Mtoto Tumboni: Ulizeni Kabla ya Kukubali



Mama mwenye mimba ya miezi minne huweza kuambiwa hospitalini: "Tutachoma sindano tumboni, tuvute maji ya mtoto tukayapime." Anarudi nyumbani na hofu, naye baba hajui amshauri nini. Mwezi huu tunaeleza kipimo hicho, ili familia iamue kwa kujua na siyo kwa kuogopa.

Vipimo vya kawaida vya kliniki, yaani damu, mkojo, presha na ultrasaundi, havimgusi mtoto. Hivi vya leo huingia mpaka ndani ya tumbo la uzazi.

Viko vya aina tatu

1. Kupima maji ya chupa ya uzazi. Hufanyika kuanzia wiki ya 15. Daktari hutazama kwa ultrasaundi mahali alipo mtoto, kisha hupitisha sindano nyembamba na kuvuta maji kiasi cha mililita 15 hadi 20. Ndani yake mna chembe hai za mtoto, nazo huchunguzwa maabara.

2. Kupima kipande kidogo sana cha kondo la nyuma, kati ya wiki ya 11 na ya 14.

3. Kuchukua damu ya mtoto katika mshipa wa kitovu, wiki ya 18 hivi na kuendelea. Hiki hufanyika mara chache.

Hutafutwa nini?

Kwa kawaida chembe ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46. Mtoto mwenye hali ya Down huwa na 47, kama walivyotangaza Jérôme Lejeune na wenzake huko Ufaransa mwaka 1959. Uwezekano huongezeka kwa umri wa mama: akiwa na miaka 40 ni kama mtoto 1 kati ya 100.

Selimundu pia huonekana. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba asili yake, kila mimba ina uwezekano 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Lakini huyu aweza kupimwa kwa tone la damu mara baada ya kuzaliwa, akaanzishiwa mapema penisilini na kinga ya malaria.

Hatari zake

Mimba yaweza kuharibika. Utafiti wa Denmark wa mwaka 1986, uliohusu wanawake 4,606, ulionyesha kuwa kipimo cha maji kilipoteza mimba 1 zaidi katika kila 100. Leo, kwa mikono ya daktari mzoefu, hatari inakadiriwa kuwa chini ya 1 kati ya 200.

Mama mwenye damu ya Rhesus hasi apewe sindano ya kinga baada ya kipimo. Mwenye virusi vya UKIMWI atumie dawa kwanza mpaka virusi visionekane katika damu. Akitokwa na damu au maji, au akipata homa au maumivu makali, arudi hospitali mara moja.

Tangu mwaka 2011 kipo pia kipimo cha damu ya mama peke yake. Hakina hatari kwa mtoto, ila huonyesha uwezekano tu, siyo hakika.

Dhamiri yetu

Kanisa halikatazi vipimo hivi moja kwa moja. Hati ya Donum Vitae (1987) na waraka wa Evangelium Vitae (1995) zinafundisha kuwa ni halali vikiheshimu uhai wa mtoto na kulenga kumlinda au kumtibu, hatari isipozidi faida. Vikifanywa kwa nia ya kumtoa akionekana na kasoro, ni kosa kubwa.

Sindano yenyewe yaweza kuokoa. Mwaka 1963 huko Auckland, New Zealand, Dk. William Liley alimwongezea damu mtoto akiwa bado tumboni.

Kabla ya kutia sahihi, baba na mama waulize pamoja:
- Mnatafuta ugonjwa gani, na kwa nini kwetu?
- Jibu litasaidia nini katika matibabu ya mtoto?
- Je, hakuna njia isiyo na hatari?
- Je, tunaweza kungoja azaliwe?

Mnayo haki ya kukataa. Na mkikubali, jibu liwasaidie kujiandaa. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Mzazi aliyejua mapema huchagua hospitali yenye daktari wa moyo. Mtoto ni yule yule, kabla ya jibu na baada yake.