Pensheni Iliyoganda: Nyongeza ya Uingereza Isiyofika Eldoret

Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa popote alipo mstaafu, ila nyongeza yake ya kila mwaka haimfuati kila anakokwenda. Mstaafu wa Leeds huongezewa kila Aprili. Wa Marekani huongezewa vivyo hivyo, na wa Ufaransa, Jamaika na Ufilipino pia. Aliyestaafu akaja kuishi Eldoret huendelea kupokea kiasi kile kile alichoanza nacho, na kiasi hicho hakibadiliki hata akijaliwa miaka thelathini zaidi. Pensheni ya namna hii huitwa pensheni iliyogandishwa. Walio nayo ni karibu watu nusu milioni, wengi wao wakiwa Australia, Kanada, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya ina sehemu ndogo tu ya idadi hiyo, lakini suala hili linaigusa kwa upande ambao hautajwi sana.

Mjadala unapoendeshwa Uingereza, anayezungumziwa ni Mwingereza mzee aliyehamia Toronto au Perth ili awe karibu na wajukuu. Eldoret ina mstaafu wa aina nyingine. Huyu ni Mkenya aliyeondoka kijana, akafanya kazi ya uuguzi, ya kutunza wazee au ya kuendesha basi katika miji ya Uingereza, akakatwa michango kwenye mshahara kila mwezi kama wenzake wote, kisha akarudi kujenga katika mtaa wa Elgon View au kulima mahindi nje ya mji. Kanuni ya kugandisha haiulizi uraia wa mtu wala alifanya kazi miaka mingapi. Inauliza anaishi wapi. Wastaafu wa aina hii wataendelea kuwapo: Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi na wahudumu wengine wa afya kufanya kazi huko, na Eldoret, yenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na vyuo vinavyofundisha uuguzi, ni miongoni mwa miji inayowatoa wahudumu hao.

Msingi wa pensheni hii ni Bima ya Taifa, mpango ulioanza kutekelezwa Julai 1948. Mfanyakazi hukatwa mchango, mwajiri naye huchangia, na kila mwaka uliolipiwa huhesabiwa. Kwa waliofikia umri wa kustaafu kuanzia Aprili 2016, miaka 35 huleta pensheni kamili, na aliye chini ya miaka 10 kwa kawaida hapati kitu. Fedha hizo haziwekwi akiba kwa jina la mtu. Michango ya wanaofanya kazi leo ndiyo inayowalipa wastaafu wa leo, na wanaochangia leo watalipwa na watakaofanya kazi kesho. Jambo hili dogo la kihasibu ndilo lililokuja kuwa nguzo ya hoja ya serikali mahakamani.

Nyongeza yenyewe ilipata nguvu mpya mwaka 2011, ulipoanza kutumika utaratibu wa kupandisha pensheni kwa kigezo kilicho kikubwa kuliko vyote kati ya vitatu: mfumuko wa bei, ongezeko la mishahara, au asilimia 2.5. Katika miaka ya bei kupanda kwa kasi nyongeza zimekuwa kubwa. Aprili 2023 pensheni iliongezwa kwa asilimia 10.1, Aprili 2024 kwa 8.5, na Aprili 2025 kwa 4.1. Kadiri wa nyumbani wanavyolindwa zaidi, ndivyo pengo kati yao na waliogandishwa linavyopanuka.

Mfano wa hesabu unasaidia. Mtu aliyestahili kiwango kamili mwaka 2016 na kwenda moja kwa moja kuishi Eldoret alianza na pauni 155.65 kwa wiki. Mwenzake waliyeanza naye siku moja, akabaki Uingereza, alikuwa akipokea pauni 230.25 kwa wiki katika mwaka wa fedha 2025/2026. Tofauti ni pauni 74.60 kila wiki, yaani pauni 3,879 kwa mwaka. Ikibadilishwa kwa shilingi 170 kwa pauni, ni zaidi ya shilingi laki sita na nusu katika mwaka mmoja. Tofauti zote zikijumlishwa tangu nyongeza ya kwanza ya Aprili 2017 hadi mwisho wa mwaka huo wa fedha, hasara inakaribia pauni 15,000, na hiyo ni kwa mtu mmoja. Wauguzi wengi wa zamani walianza chini kidogo ya kiwango kamili, kwa kuwa walikuwa pia katika mpango wa pensheni wa kazini na hivyo walilipa mchango mdogo zaidi kwa Bima ya Taifa. Lakini hata kilicho pungufu kilipaswa kupanda, na kwao pia hakipandi.

Hapo kwenye pensheni ya kazini ndipo kasoro inapoonekana kwa macho. Muuguzi aliyeitumikia hospitali ya umma ya Uingereza anaporudi Eldoret huingiziwa malipo mawili kutoka serikali moja. La kwanza ni pensheni ya utumishi wa afya. Hilo huongezwa kila Aprili, kwa sababu sheria ya 1971 inayoongoza nyongeza za pensheni za watumishi wa umma haijali mstaafu anaishi wapi. La pili ni pensheni ya serikali, na hilo halisogei. Akaunti ni moja, mstaafu ni yule yule, bei za sokoni ni zile zile. Fedha moja inakua na nyingine imesimama. Anayesema kwamba ni vigumu kiutawala kupeleka nyongeza Kenya anajibiwa na taarifa ya benki ya muuguzi huyu.

Jibu lingine liko katika historia ya mji wenyewe. Eldoret, ambayo wazee bado huiita Sisibo kutokana na shamba namba 64 lililokuwa chanzo chake, ilitawaliwa kwa miongo kadhaa na maofisa wa kikoloni wa Kiingereza. Uhuru ulipokuja, pensheni za maofisa hao zilikuwa jukumu la makoloni ya zamani. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1973 iliyoiwezesha kulichukua jukumu hilo, na pensheni hizo zikawa na nyongeza. Penye nia ya kuwalinda wastaafu dhidi ya kupanda kwa bei, njia ilipatikana.

Mgawanyo wa nchi zinazopata nyongeza na zisizopata haukutokana na mpango mmoja. Kuanzia 1955 pensheni iliruhusiwa kulipwa kwa mstaafu aliye popote duniani, lakini bila nyongeza. Baadaye Uingereza iliingia mikataba ya hifadhi ya jamii na nchi moja moja kwa sababu za wakati huo, hasa kurahisisha uhamaji wa wafanyakazi, na baadhi ya mikataba ikabeba kipengele cha nyongeza. Mkataba wa mwisho mpya wa aina hiyo ulikuwa wa 1981. Mikataba iliyofuata, kama ile ya Japani na Korea Kusini, inazuia tu mtu kukatwa michango katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipata nyongeza kwa njia ya umoja huo, na Uingereza ilipojitoa ilihakikisha kwamba haki hiyo inaendelea.

Afrika nzima ina nchi moja tu kwenye orodha: Morisi. Mstaafu wa Port Louis huongezewa, wa Shelisheli haongezewi, ingawa vyote ni visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Uingereza na vyote vimo katika Jumuiya ya Madola. Hata maeneo yaliyo chini ya bendera ya Uingereza yamegawanyika: Gibraltar na Bermuda zinapata, Visiwa vya Falkland havipati. Mgawanyo kama huu hauelezeki kwa kigezo cha umaskini, cha umbali wala cha udugu wa kihistoria. Kilichoamua ni nani alitia saini nini kabla ya mlango kufungwa.

Serikali za Uingereza za vyama vyote vikubwa zimeshikilia msimamo mmoja, na msimamo huo una hoja tatu. Ya kwanza ni gharama: kuwaongezea wote walio nje kungehitaji mamia ya mamilioni ya pauni kila mwaka. Ya pili ni kwamba nyongeza hupimwa kwa bei na mishahara ya Uingereza, ambayo haina uhusiano na maisha ya Eldoret au Sydney. Ya tatu ni kwamba anayehama hujua kanuni, na hivyo huchagua mwenyewe.

Hoja hizi zilipimwa katika kesi ya Annette Carson, mwanamke aliyefanya kazi Uingereza, akahamia Afrika Kusini, akafikia umri wa kustaafu mwaka 2000 na pensheni yake ya msingi ikaganda kwenye pauni 67.50 kwa wiki. Mwaka 2005 majaji wa Bunge la Malodi walimkatalia, wanne dhidi ya mmoja. Yeye na wenzake walikwenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 16 Machi 2010 jopo kuu la mahakama hiyo likakataa pia, majaji 11 dhidi ya 6. Sababu iliyotawala ilikuwa kwamba mchango wa Bima ya Taifa haununui pensheni kama mtu anavyonunua bima kwa kampuni. Ni sehemu ya mfumo mzima wa kodi na huduma uliopangwa kwa ajili ya wakazi wa Uingereza, kwa hiyo aliye nje hayuko katika hali inayolingana na ya mkazi.

Hukumu hiyo ilifunga suala la sheria. Suala la haki limebaki wazi, na hoja za serikali hazisimami vizuri zikipimwa moja moja. Ikiwa bei za Uingereza hazihusiani na maisha ya ng'ambo, basi hazihusiani pia na maisha ya Florida au Manila, ambako nyongeza hupelekwa kila mwaka. Ikiwa mfumo ni wa wakazi, ni vigumu kueleza kwa nini mkazi wa Marekani yumo ndani na wa Kenya yuko nje. Kuhusu gharama, mstaafu aliyeondoka ameuacha mzigo mkubwa nyuma yake: hatibiwi katika hospitali za umma za Uingereza, tiba ambayo uzeeni ndiyo ghali kuliko zote, wala hapati ruzuku wanazopewa wazee wenye kipato kidogo. Na hoja ya kuchagua ndiyo dhaifu zaidi ikiletwa Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret. Mkenya anayerudi Eldoret akiwa na miaka 67 hahamii ng'ambo. Anarudi kwao.

Wapo wanaosema kwamba kudhoofika kwa shilingi kumewafidia wastaafu wa Kenya. Ni kweli kwamba pauni moja iliyobadilishwa leo huleta shilingi nyingi kuliko mwaka 2010. Lakini fidia hiyo haina mwenye kuihakikisha. Mapema mwaka 2024 pauni ilifika takriban shilingi 200, na wiki chache baadaye shilingi ilipopata nguvu ikashuka hadi karibu 166. Pauni 155.65 za wiki zilizokuwa zikileta shilingi 31,000 zikawa zinaleta chini ya 26,000. Dawa za presha hazikushuka bei kwa kiwango hicho, wala karo ya mjukuu.

Njia za kurekebisha zinajulikana. Wanaharakati wa wastaafu hawadai tena malipo ya nyuma. Wanaomba nyongeza ianzie kwenye kiwango cha sasa cha kila mtu na kusonga mbele, jambo ambalo lingepunguza gharama ya mwanzo kwa sehemu kubwa. Anne Puckridge, aliyetumikia vikosi vyote vitatu vya Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia na ambaye pensheni yake iliganda kwenye pauni 72.50 alipohamia Kanada mwaka 2001, alisafiri hadi London mwishoni mwa 2024 akitimiza miaka 100 ili kuomba hilo. Mataifa nayo yamejaribu. Australia iliuvunja mkataba wake wa hifadhi ya jamii na Uingereza mwaka 2001 kwa sababu ya suala hili, na bado Uingereza haikusogea. Kenya haina mkataba wowote wa hifadhi ya jamii na Uingereza, lakini ina kitu ambacho Uingereza inakihitaji, nacho ni wauguzi. Makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya ndiyo mahali pa kuidai nyongeza hii, na wajumbe wa Kenya wanapaswa kuiweka mezani kabla kundi jingine halijasafiri.

Kwa anayefanya kazi Uingereza sasa na kukusudia kurudi, hesabu ya uzeeni ifanywe kwa kiasi cha kwanza cha pensheni ya serikali, bila kutarajia chochote juu yake. Michango ya hiari ya kujaza miaka iliyopungua bado inaweza kuwa na faida, ila faida hiyo nayo itaganda. Akisharudi, fomu ya kuthibitisha kwamba yu hai itamfikia kwa sanduku la posta mara kwa mara. Ni lazima aijaze, ishuhudiwe na mtu anayekubalika, na irudishwe kwa wakati; isiporudi, malipo husimamishwa. Akienda Uingereza kwa ziara, anaweza kuomba alipwe kiwango cha sasa kwa muda wote wa ziara. Siku anayopanda ndege kurudi Kenya, hurudishwa kwenye kiwango cha zamani.