Kijana Wangu Anataka Kusoma Saikolojia: Je, Inafaa?

Ndugu Waislamu, sisi wa visiwa vya Muleba, kuanzia Bumbire, Ikuza mpaka Goziba, kijana akifaulu tunatamani awe daktari, mwalimu au mhandisi. Akitaja saikolojia, hata wenzake humcheka. Mmoja atasema ni elimu ya wendawazimu. Mwingine atadhani ni kusoma mawazo ya watu kama mpiga ramli. Wa tatu atasema hiyo ni kazi ya wanawake, mwanamume hakai kusikiliza vilio. Wote watatu wamekosea.

Saikolojia, kwa Kiarabu ilmun-nafsi, ni elimu ya namna mtu anavyofikiri, anavyohisi na anavyotenda. Mwanasaikolojia hadai kujua ghaibu. Huuliza, husikiliza, kisha humsaidia mtu kwa mazungumzo na mazoezi. Kuandika dawa ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili.

Wala si elimu ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na nafsi, akieleza hofu, huzuni, hasira na wasiwasi. Na Qur'ani inatusimulia kuwa Nabii Yaaqub (AS) alimhuzunikia Yusuf hadi macho yake yakapofuka. Huzuni ile haikuwa upungufu wa imani.

Haja yake tunaiona. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, mamia wakafa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko liliipiga Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, watu 19 wakafariki. Tulizika, tukahani, tukaomba dua. Lakini mvuvi anayeogopa kurudi majini, au yatima asiyelala usiku, nani aliyesomea kumsaidia? Mara nyingi hao ni wanaume, na hawasemi. Huenda wangemfungukia kijana wao.

Hukumu yake: kuisoma inajuzu. Imam Ghazali ameihesabu tiba kuwa fardhi kifaya, na kutibu nafsi kunaingia humo. Kijana ashike Swala, apokee lenye manufaa, aache nadharia zinazopinga itikadi, achunge mipaka ya faragha na wasio maharimu, na atunze siri za watu.

Mzazi, kabla ya kukataa, muulize mwanao kwa nini ameichagua. Pengine kuna jambo ameliona nyumbani kwako ambalo hukuliona.

Wallahu a'lam.