Siku Vibarua Walipomeza Panadol Mferejini: Kuongoza Shamba Wakati wa Ugonjwa wa Mlipuko



Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kagera alinipigia simu: "Afisa, ugonjwa wa mlipuko ukiingia tena, mimi mwenye vibarua ishirini nafanyaje?" Kwake hilo si swali la darasani. Marburg ilitangazwa mkoani kwao Machi 2023, ikarudi Januari 2025 kule Biharamulo. Nikaanza kumjibu kama nilivyofundishwa chuoni, mara nikajikuta namsimulia mambo ya 2020 na jinsi mimi mwenyewe nilivyotoa ushauri mbovu. Nikaona niwaandikie na ninyi.

Wakati ule nilikuwa nahudumia kikundi cha vijana tisa huko Arumeru, wanalima maharage machanga ya kwenda Ulaya kwenye ekari za kukodi. Wachumaji walikuwa kama arobaini, wengi wao kina mama. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani likasema korona sasa ni janga la dunia. Tarehe 16 mgonjwa wa kwanza nchini akatangazwa, tena hapa hapa Arusha. Kesho yake shule zikafungwa, na keshokutwa kina mama wakaja shambani na watoto mgongoni na wengine mkononi.

Aliyewahi kulima maharage machanga anajua kwamba zao lile halina subira. Likianza kuvunwa, siku ya 45 au 50 hivi, unachuma kila siku au siku moja baada ya nyingine. Daraja la juu linataka unene usiozidi milimita 6, linalofuata 6 mpaka 9. Ukiruka siku mbili tatu, umebaki na mboga ya nyumbani. Kwa hiyo huwezi kuwaambia watu "tusubiri tuone". Na mboga nyingi za Ulaya husafiri kwenye tumbo la ndege, chini ya miguu ya abiria. Abiria walipokoma, nafasi ya mizigo ikapungua na bei ya kusafirisha ikapanda. Kwa walioegemea Nairobi, nako Namanga madereva wa malori wakaanza kupimwa, foleni ikawa ya kulala barabarani.

Mnunuzi wetu alituma ujumbe wa mstari mmoja: oda imepungua kwa nusu.

Mwenyekiti wa kikundi alitaka kupunguza nusu ya wachumaji jioni ile ile. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa kwenye karatasi. Aliyemzuia ni mama msimamizi wa wachumaji, mtu mzima, mimi ndiye ninayempa shikamoo. Akasema, "Wanangu, mkiwafukuza ishirini leo, oda ikirudi mtawatoa wapi wanaojua kuchuma bila kuvunja ua?" Tukagawa watu makundi manne ya kumi kumi, watu wale wale kila siku. Makundi mawili yakaingia leo, mawili kesho. Kila kundi na eneo lake, kreti zake na mahali pake pa kunawia. Kipato cha kila mtu kilishuka, lakini hakuna aliyepoteza kazi, na akiumwa mmoja wanakaa nyumbani kumi badala ya arobaini.

Kwa kunawa, kwanza tulinunua ndoo zenye koki. Kumbe kila mtu anashika koki ile ile! Tukahamia kibuyu chirizi: dumu la lita 5, kamba, kijiti cha kukanyaga, sabuni imening'inizwa pembeni. Hapo sina la kuongeza, kila mmoja wenu anajua kukitengeneza.

Sasa niseme kosa langu. Nilishauri mimi kwamba getini wapimwe joto, na mwenye nyuzi 37.5 na kuendelea arudi nyumbani. Karatasi ikabandikwa. Sikujiuliza huko nyumbani anakorudi atakula nini, maana wachumaji hulipwa kwa kilo. Hujachuma, huna kitu. Wiki mbili zikapita, hakuna hata mmoja mwenye homa. Nikawasifia sana. Mama msimamizi akanivuta pembeni: "Mwanangu, hawa wanameza Panadol kule mferejini kabla ya kufika kwenye hicho kipimo chako. Na yule wa banda la kuchambulia anakohoa leo siku ya tano."

Nilitamani ardhi inimeze. Sheria yangu haikuzuia homa, ilifundisha watu kuificha. Yule dada hakupimwa, akapona, hatukujua alikuwa na nini. Lakini siku tano alisimama meza moja na wenzake.

Tukakaa, wale tisa na mimi, mpaka giza. Kilichoamuliwa ni hiki: anayesema anaumwa analipwa nusu ya wastani wa alichochuma wiki iliyotangulia, mpaka siku kumi, na nafasi yake kwenye kundi hapewi mtu. Pesa zitoke kwenye gawio la wanakikundi wenyewe. Mmoja alijitoa usiku ule, na simlaumu, alikuwa na mkopo. Asubuhi ya pili walijitokeza watatu kusema wanaumwa. Mwenyekiti akanuna: "Si umeona, Afisa? Wanatuibia!" Inawezekana mmoja alitudanganya kweli. Bado nasema malipo ya wale watatu yalikuwa madogo kuliko hasara ya kufunga banda lote katikati ya mavuno.

Jambo jingine ni taarifa. Hapa kwetu hatukufungiwa ndani kama nchi nyingine, na takwimu rasmi ziliacha kutolewa mapema Mei 2020, kwa hiyo kila mtu akabaki na la kwake. WhatsApp ilikuwa na dawa mpya kila asubuhi. Mwenyekiti alikuwa anatuma matangazo kwenye grupu, wakati wachumaji wengi wana simu za tochi! Tukaweka ubao wa chaki nje ya banda: oda ya leo, kreti zilizokubaliwa, pesa iliyoingia. Kila asubuhi dakika kumi, watu wamesimama mbalimbali, anasema tunachojua na anakiri tusichojua. Waliotaka kujifukiza nyungu nyumbani hatukugombana nao, ila nyungu haikuwa badala ya kunawa. Minong'ono ya "wanatuficha pesa" ilipungua ndani ya wiki moja, kwa sababu hata asiyejua kusoma alikuwa na mwenzake wa kumsomea ubao.

Halafu mwenyekiti naye akaugua, siku tisa. Laini ya malipo ilikuwa yake, namba ya siri anaijua yeye, namba ya mnunuzi iko kwenye simu yake. Wachumaji wakakaa siku nne bila kulipwa ilhali pesa ipo. Hilo lilituaibisha kuliko korona yenyewe.

Mazao yaliyokataliwa hayakuwa na soko la ndani, hoteli za watalii zilikuwa tupu, tukalisha ng'ombe. Msimu uliofuata sehemu ya eneo ikaenda kwenye vitunguu na maharage ya kawaida. Mtanikosoa mkitaka, lakini mimi mkulima asiye hata na robo ya shamba yenye zao ambalo jirani yake analila, namwona anacheza kamari.

Turudi kwa kijana wa Kagera. Akaniuliza atenge kiasi gani. Nikamwambia afungue daftari la msimu uliopita, apate wastani wa malipo ya kibarua mmoja kwa siku. Achukulie robo ya watu wake wataugua: kwa vibarua 20 ni watu 5, siku 10, nusu malipo. Hayo ni sawa na malipo ya mtu mmoja kwa siku 25.

Akacheka. "Ni hiyo tu? Nilidhani utanitajia milioni." Kisha akauliza aiweke kwenye laini ya nani. Nikamwambia ikae VICOBA, watia saini wawe wawili, na mmoja wao awe kibarua.