Usukani Mgumu wa Mashine ya Boti: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Sisi tunaohudumia visiwa vya Ziwa Victoria tunategemea boti yenye mashine ya kupachika kama wenzetu wa nchi kavu wanavyotegemea pikipiki. Mashine ikikataa kuwaka, kila mtu huona kuwa kuna tatizo. Lakini usukani ukianza kuwa mgumu, watu huzoea. Nahodha hukaza mikono na safari huendelea.

Sisi pia tulizoea, mpaka jioni moja tukiwa na mama mjamzito na wahudumu wa afya ndani ya boti. Mtumbwi usio na taa ulitokea mbele yetu. Nahodha aliuvuta usukani kwa mikono miwili, na tukaukosa mtumbwi ule kwa urefu wa kasia. Kesho yake niliidhinisha ununuzi wa waya mpya wa usukani. Waya ulifungwa, na usukani ukabaki mgumu vilevile. Fedha ya mradi ilikuwa imetumika kubadilisha kifaa ambacho hakikuwa kibovu.

Ugumu uko wapi?

Boti yenye usukani wa duara kama wa gari ina sehemu mbili ambazo mara nyingi hukaza. Ya kwanza ni waya pamoja na bomba ambamo fimbo yake hupita. Ya pili ni mhimili wa wima ambao mashine hugeukia kushoto na kulia. Kupima ni rahisi. Zima mashine, fungua bolti inayounganisha waya na mashine, kisha igeuze mashine kwa mikono. Ikiwa bado ni ngumu, tatizo liko kwenye mhimili. Ikigeuka kwa wepesi, kwa kawaida tatizo liko kwenye waya au bomba lake.

Kama mashine yako inaongozwa kwa mkono wake yenyewe, haina waya. Angalia kwanza skrubu au kishikio cha kurekebisha ukazaji kilicho karibu na mhimili. Mara nyingine mtu alikikaza akasahau.

Mhimili ukikaza

Ndani ya mhimili kuna bushi, na kati ya bushi na chuma kuna grisi. Miaka ikipita, grisi hukauka na kuwa ngumu kama sabuni. Baharini hali ni mbaya zaidi, kwa sababu chumvi hula alumini na kuacha unga mweupe unaobana mhimili. Fanya hivi:

1. Tafuta nipeli za grisi kwenye mhimili, uzisafishe kwa brashi ya waya. Zetu hazikuonekana kabisa. Mwaka mmoja kabla ya hapo tuliipaka mashine rangi ili ipendeze machoni pa wageni, na rangi ikaziba nipeli zote.

2. Pampu grisi mpya isiyoondolewa na maji huku mwenzako akigeuza mashine kushoto na kulia. Endelea mpaka grisi ya zamani itoke juu na chini, na inayofuata iwe safi.

3. Grisi isipoingia, fungua nipeli uisafishe au uibadilishe. Tundu likiwa limeziba, weka mafuta ya kulegeza kutu, funika mhimili kwa vitambaa vilivyolowekwa maji ya moto, subiri, kisha urudie. Kazi hii inaweza kuchukua siku mbili.

4. Usitumie moto, kwa maana petroli iko karibu na bushi nyingi ni za plastiki. Usipige kwa nyundo pia, alumini hupasuka.

Baada ya hayo yote ikikataa kabisa, mhimili ufunguliwe na fundi mzoefu.

Waya ukikaza

Chomoa fimbo ya waya, safisha bomba kwa brashi ya mviringo au kitambaa kilichozungushiwa kijiti, futa fimbo, kisha paka grisi mpya. Kama kuna nipeli kwenye bomba, rudisha fimbo ndani kabisa kabla ya kupampu. Ukipampu fimbo ikiwa nje, grisi inaweza kuizuia isirudi, na usukani ukakwama. Ikiwa ganda la waya limepasuka, au waya wenyewe unakaza ukiwa umefunguliwa pande zote mbili, hapo ndipo pa kununua mpya. Waya wa namna hiyo hautengenezwi.

Usukani ukivuta upande mmoja

Hili ni jambo jingine. Usukani ukiwa mwepesi boti ikisimama, lakini ukavuta upande mmoja boti ikienda kasi, tazama kipande kidogo kama pezi kilicho juu ya propela. Mashine nyingi zinacho. Boti ikivuta kulia, legeza bolti yake, sogeza ncha ya nyuma kulia kidogo, kaza, ujaribu tena.

Kuzuia ni nafuu

Baharini, weka grisi kila baada ya saa 50 za kazi au kila miezi miwili. Ziwani, kila saa 100 hutosha kwa kawaida. Boti ikikaa bila kazi, geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili kila wiki.

Fundi wa pili aliutengeneza usukani wetu kwa grisi na uvumilivu, na waya wa zamani ungeendelea kufanya kazi. Nilipopitia bajeti yetu niliona mafuta, maboya na posho ya nahodha. Grisi haikuwamo. Sasa imo, na pampu yake inakaa ndani ya boti, pale nahodha anapoweza kuifikia bila kuomba kibali cha mtu.