Kisu Kilinitia Aibu, Fundi Akanifunza Adabu

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami katika miaka yangu ya kushika kalamu nimekuwa mchoyo wa sifa kwa mafundi, nikichelea kuiharibu kazi njema kwa maneno matamu. Lakini leo, msomaji mpenzi, niwie radhi nimsifu mhunzi mmoja wa hapa Mombasa, maana sifa hizi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Kisa kilianza asubuhi ya Idi Kubwa. Mtaani petu mimi ndiye niitwaye kuchinja, na kisu changu nilikinunua kwa mhunzi huyo, ambaye karakana yake iko ng'ambo ya daraja la Nyali, upande wa Kongowea. Mbuzi wa jirani akalazwa, akaelekezwa kibla, nikapiga bismillahi na kuvuta kisu. Kisu kikateleza! Nikavuta tena, kikakwaruza tu. Mbuzi akalia mbele ya watoto, mpaka jirani akakimbilia ndani kuleta kisu cha mkewe, nacho kikaimaliza kazi.

Tulipokuwa chuoni, maalimu alitukariria kwamba anayechinja hana budi kunoa kisu chake na kumpumzisha mnyama. Basi pima mwenyewe aibu niliyoipata. Na aibu, ndugu yangu, hutafuta wa kubebeshwa. Jioni ile barazani nilimpaka mhunzi yule kila tope, nikasema anauza mabati yaliyochongwa mfano wa visu. Usiku nikatunga beti sita za kumkashifu.

Siku ya pili nikamwendea, kisu mkononi na mashairi mfukoni. Yeye ni kijana wa miaka thelathini hivi. Akanipa shikamoo, akanifutia kigoda, akamwita muuza kahawa. Nikamwaga hasira yangu yote. Hakunikatiza hata neno moja. Nilipokwisha alisema, "Pole, ami. Nipe nikitazame."

Akatwaa tupa, akaipitisha karibu na mpini. Tupa ikalia na kuteleza, haikushika. Akaipitisha kwenye makali. Hapo ikauma, chuma kikatoka kama unga. Kisha akakigeuza kisu kwenye jua, nami nikaona mstari wa rangi ya buluu ukifuata makali, kama shingo ya njiwa.

"Ami," akauliza polepole, "kisu hiki kilipita kwenye jiwe la mashine?"

Nikanyamaza. Siku mbili kabla ya Idi nilimpa mnoaji wa njiani mwenye jiwe la kuzungushwa, kavu bila tone la maji. Cheche ziliruka kama fataki, nami nikafurahi kuona kazi ya dakika mbili. Haraka haraka haina baraka!

Kijana yule hakuniambia kwamba kosa ni langu. Alinieleza kazi yake tu. Kisu changu alikifua kutokana na bamba la springi ya lori. Chuma hutiwa motoni mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike, kisha hutumbukizwa katika mafuta, kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Ndipo hurudishwa kwenye moto mdogo, mpaka kipate rangi ya majani makavu, ugumu na ustahimilivu vipatane. Makali ni membamba, hivyo joto la jiwe kavu halina pa kukimbilia. Ikitokea rangi ya buluu, ugumu umekwisha kupungua.

Akakaa na jiwe lililoloweshwa, akaula ule mstari wa buluu kidogo kidogo, akichovya kisu majini kila mara. Saa nzima ikapita. Nikatoa pesa. Akazisukuma.

"Kisu hiki nililipwa siku nilipokiuza, ami. Ila nina sharti: huondoki mpaka nikuone unakinoa kwa mkono wako."

Basi mimi, mwenye mvi kichwani, nikawa mwanafunzi. Nawe msomaji nakugawia nilichokipata. Kinoo kiloweshwe na kitulie, kisicheze. Kisu kikaribie kulala, mgongo uinuliwe kidogo tu, na pembe hiyo isibadilike toka mwanzo hata mwisho. Noa upande mmoja mpaka usikie ukingo mdogo wa chuma umejikunja upande wa pili. Uguse kwa kidole ukikikata kisu kwa upana, usikipitishe kidole kufuata makali. Kisha noa upande ule mwingine. Malizia kwa kukivuta juu ya mshipi wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Na utunzaji pia una kanuni zake. Ndimu, embe bichi na kitunguu hula chuma, kwa hivyo kioshe na ukikaushe papo hapo. Upepo wetu wa pwani una chumvi, nayo huleta kutu, basi kipake mafuta kidogo kabla ya kukiweka. Ala ya ngozi ni ya safari, si ya kulaza kisu mwezi mzima, maana ngozi hushika unyevu. Katia juu ya ubao, si juu ya sahani wala saruji. Na kisu si cha kufungulia mikebe.

Nikiwa njiani kurudi niliwaza jinsi kazi hii ilivyo na heshima ya kale. Kurani inataja kwamba Nabii Daudi alilainishiwa chuma. Al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na chuma ndicho kilichowapa faida kubwa. Nasi leo twapita mbele ya mhunzi bila ya kumtolea salamu!

Jioni nilirudi barazani pale pale, mbele ya wale wale, nikasema: kosa lilikuwa langu, fundi nilimsingizia. Maneno hayo yalinikwama kooni kuliko mfupa wa samaki. Zile beti sita nilizichana. Idi iliyofuata nilikinoa mwenyewe, na mvuto mmoja ukatosha.

Biashara haigombi, husema wazee. Kijana yule hakugombana nami, wala hakunidanganya ili anifurahishe. Badala ya beti sita za kashfa, namlipa huu mmoja:

Kisu chataka adabu, wala hakitaki nguvu,
Kinowe kwa taratibu, si kwa pupa na uvivu,
Moto ukikiharibu, makali huwa majivu,
Kosa ni lako, sahibu, si la fundi msikivu.