Nguvu Inayopita Ndani ya Mafuta: Giaboksi ya Otomatiki na Dalili za Kuchoka Kwake

Katika gari la gia za mkono, nguvu ya injini huyafikia magurudumu kwa chuma kushikana na chuma, na dereva ndiye anayeikata na kuiunga tena kila anapokanyaga klachi. Katika gari la otomatiki pedali hiyo haipo na kazi yake imekabidhiwa mafuta, jambo ambalo mwenye gari asipolielewa huiona kila hitilafu ya giaboksi kuwa kitendawili, ilhali nyingi kati ya hitilafu hizo huanzia kwenye mafuta au hujionyesha kupitia hayo.

Mahali pa klachi huwekwa konveta, yaani chombo cha duara kilichojaa mafuta, ambacho ndani yake mna magurudumu mawili yenye mapanga yanayotazamana bila kugusana. La kwanza huzungushwa na injini na kuyarusha mafuta kwenye mapanga ya la pili, lililoungwa na giaboksi, nalo likazunguka. Kati yao hukaa gurudumu dogo la tatu linaloyageuza mafuta yanayorudi ili yalisaidie la kwanza badala ya kulipinga, na ndiyo sababu gari linapoanza kuondoka nguvu ya kuzungusha huweza kukaribia maradufu. Mjerumani Hermann Föttinger, aliyeisajili hataza ya mtambo huo mwaka 1905, alikusudia meli wala si magari. Giaboksi ya mapema ya magari, Hydra-Matic, iliyotiwa kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, ilitumia chombo sahili zaidi kisicho na gurudumu la tatu.

Nyuma ya konveta zimo gia za sayari, zinazoitwa hivyo kwa sababu gia moja, jua, hukaa katikati, gia ndogo kadhaa huizunguka, na zote huzingirwa na pete yenye meno kwa ndani. Gia hizi hazitengani kamwe. Kinachobadilika ni ipi imezuiwa na ipi imeachwa huru. Pete ikizuiwa na jua likazungushwa, fremu inayobeba sayari hutoka na mwendo wa polepole wenye nguvu. Fremu hiyo ikizuiwa, pete huzunguka kinyume na gari hurudi nyuma. Kazi ya kuzuia hufanywa na klachi za sahani nyembamba zilizobandikwa utando unaofanana na karatasi, ambazo hubanwa kwa shinikizo la mafuta yanayoelekezwa na valvubodi, bamba la chuma lenye vijia vingi kama vya mchwa, chini ya amri ya kompyuta. Shinikizo hilo hutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini, hivyo injini ikizimika hakuna mafuta yanayotembea: ndiyo maana gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, na likivutwa masafa marefu huku magurudumu yanayoendeshwa yakigusa barabara, giaboksi husagika kwa ukavu.

Mafuta yenyewe, basi, hubeba nguvu, hupeleka amri, hulainisha na hupoza, na hakuna umajimaji mwingine wa gari uliotwishwa mzigo huo wote. Ili yauhimili mzigo huo, watengenezaji wa Marekani walitia humo mafuta ya nyangumi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Gereji nyingi za Afrika Mashariki huyaita mafuta yote ya aina hii kwa jina moja tu, haidroliki, na desturi hiyo ina madhara makubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa mfano, Toyota IST ya toleo la kwanza, lililoanza 2002, ina giaboksi ya gia nne, ilhali toleo la 2007 kwa kawaida lina mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili. Mafuta ya ile ya kwanza yakitiwa katika hii ya pili, mkanda huteleza na kukwaruza puli.

Dalili ya mapema zaidi ni kuchelewa: dereva huweka D au R asubuhi, gari likatulia kwa sekunde mbili au tatu kisha likashika kwa mshindo, kwa kuwa mafuta ni pungufu au mipira ya kuzuia uvujaji imekakamaa na shinikizo halijengeki upesi. Kuteleza, yaani injini kuvuma huku mwendo hauongezeki, huonyesha kuwa sahani hazibanwi sawasawa, na kila mteletezo huzaa joto linalounguza utando wake. Hapo mafuta mekundu hugeuka kahawia iliyoiva na kunuka kuungua. Yakionekana ya waridi kama maziwa yaliyotiwa rangi, maji ya rejeta yamepenya kwenye kipozeo cha mafuta kilichomo ndani ya rejeta hiyo, na gari lisiendeshwe tena, maana maji huiachisha gundi ya sahani. Gari linaloganda katika gia moja nalo huwa limezuiwa na kompyuta yenyewe ili lisijiharibu zaidi. Hapo, katika Toyota nyingi za zamani, taa ya O/D OFF kwenye dashibodi humetameta.

Mafundi wengi hushikilia kwamba kubadilisha mafuta yaliyokaa miaka mingi huiua giaboksi. Wanachokiona ni cha kweli, ila sababu wameigeuza: sahani zilikuwa zimekwisha tayari, na vumbi lao lililoelea katika mafuta machafu ndilo lililokuwa likizisaidia kushikana.