Ujuzi Haukai Makumbushoni

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya mabaharia wetu hunijia kila nisomapo habari za magari ya moshi ya Ayalandi, nchi iliyofungua reli yake ya kwanza mwaka 1834, kutoka Dublin hadi Kingstown, mji uitwao leo Dún Laoghaire.

Mwaka 1939 mafundi wa karakana ya Inchicore waliunda injini kubwa, nambari 800, wakaipa jina la malkia wa kale, Maedb. Lakini mimi, msomaji wangu, simsifu malkia huyo wa chuma. Namkumbuka mchochea moto asiyetajwa. Vita Vikuu vya Pili vilipoyafanya makaa ya Uingereza kuwa adimu, alitia tanurini vumbi la makaa, na hata udongo wa kinamasi uliokaushwa. Moto ukififia, gari husimama njiani. Naye hukomba majivu, akaanza upya.

Mvuke uliachwa katika Jamhuri mnamo 1963. Maedb yumo makumbushoni Cultra, amepoa. Ila wapenzi wa reli walioanzisha chama chao mwaka 1964 waliziokoa injini nyingine, wakaziwasha tena. Heko kwao! Chuma hutunzwa makumbushoni. Ujuzi hutunzwa mikononi.